Ndugu wawili tumbo moja, mmoja Frelimo mmoja Renamo: ilikuwaje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi mzaliwa wa Masasi, babu yangu mzaa mama ni Mmakua aliyevuka Ruvuma miaka ya themanini wakati wa vita ya Msumbiji, kwao ni kusini ya mto Lúrio, mkoa wa Nampula. Bibi anasema babu alikuwa na kaka zake wawili wa tumbo moja, mmoja alikuwa mgambo wa Frelimo, chama kilichoshika serikali, mwingine alienda porini kwa matsanga, yaani waasi wa Renamo, na alikaa huko mpaka amani ya 1992. Wote walikuwa wakulima wa pamba na mihogo, hawakusoma. Nashindwa kuelewa mtu wa kijijini kama huyo anachaguaje upande. Ni ukabila, ni siasa, au ni pesa?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, mana hili ndo swali lililonikalisha na wazee kule Nampula na huku Mtwara kwa miaka mingi, na kila likija naumia kidogo kwa sababu jinsi vita ile inavyosimuliwa utadhani watu waliamka asubuhi, wakasikiliza hotuba za pande mbili, wakapima, alafu kila mtu akaenda anapopataka. Haikuwa hivyo hata kidogo. Ntakujibu kwa urefu, naomba uvumilie.

Nianze na hao kaka wawili, mana hapo ndo bibi yako amekupa ufunguo bila kujua. We ni Mmakua, unajua ukoo wetu wa kule, nihimo, unafuata mama, na mwanaume akioa anahamia kwa wakwe, analima ardhi ya kina mke wake, chini ya mwene, yaani chifu, wa huko. Kwa hiyo babu zako wamezaliwa nyumba moja, wamenyonya ziwa moja, lakini wakishaoa mmoja yuko kwa mwene huyu na mwingine yuko bonde la pili kwa mwene yule, labda mwendo wa nusu siku tu kwa miguu. Vita ilipofika haikuuliza mama yenu nani, iliuliza unalala wapi. Mwene wa bonde lile akiamua kuhama na watu wake kwenda porini kwenye kambi ya Renamo, mkwe naye anahama, atabaki na nani? Mke anaondoka, wajomba wa mke wanaondoka, watoto wako wanaondoka, wewe mgeni wa kuoa utabaki peke yako kwenye mahame ukisubiri wanajeshi waje wakuulize wenzako wako wapi? Na kule kwa yule mwene mwingine ni vilevile, kijiji kimebaki na serikali, vijana wanapewa bunduki chache na risasi za kuhesabu, wanaambiwa nyie ni mgambo lindeni watu wenu. Hapo ndugu wawili wameshakuwa maadui na hakuna aliyemkosea mwenzake kitu.

Sasa utauliza, huyo mwene wa kwanza kwa nini ahame? Hapa lazima nirudi nyuma.

Frelimo unaijua, ilizaliwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, ikapigana na Mreno kuanzia Septemba 1964, ikachukua nchi 25 Juni 1975. Hawa jamaa walikuja na nia ya kweli ya kubadilisha maisha ya mkulima, shule, zahanati, kisima, mimi sitakubali mtu aniambie walikuwa wanaigiza. Ila waliwaangalia machifu kama vibaraka wa Mreno, na kuna ukweli ndani yake, mana mwene mwingi alipewa na Mreno kofia na cheo cha régulo, akakusanya kodi na kusimamia watu walimishwe pamba kwa lazima. Basi wakafuta uchifu. Na ibada za mizimu wakaziita ushamba na giza la akili, wakapiga marufuku. Mwaka 1977 chama kikatangaza rasmi kufuata Umaksi, vijiji vya pamoja vikaanza kusukumwa mkoa kwa mkoa, na huko Nampula vilikazwa zaidi vita ilipokaribia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa sababu jeshi lilitaka watu wakae mahali pamoja waonekane.

Jiweke wewe kwenye mguu wa babu yako hapo. Nyumba yako ilikuwa pembeni ya mihogo yako, mikorosho aliyopanda baba wa mke wako iko nyuma ya choo, makaburi yako hatua chache, na kuna mti ambapo mwene anaweka unga wa mtama kuwaomba wazee mvua, ile makeya. Siku moja anakuja katibu wa chama, kijana, mara nyingi siyo mtu wa ardhi ile, anasema kila mtu ahamie kwenye mistari kando ya barabara, nyumba nambari ngapi, mtaa gani. Ukigoma nyumba inachomwa. Sasa shamba liko masaa mawili kwa miguu, nguruwe pori wanamaliza mihogo, korosho inaanguka hakuna wa kuokota, na ukitaka kwenda kumwona dada yako wilaya ya pili unaomba karatasi ya kibali cha kusafiri. Kwenye mkutano katibu amekaa kwenye kiti, mwene aliyekuwa anaamua nani alime wapi amekaa chini mavumbini na watoto. Na kibaya zaidi, kijiji kimewekwa kwenye ardhi ya watu fulani, kwa hiyo wenyeji wa hapo wamekuwa wakubwa na wewe uliyehamishwa umekuwa kama mpangaji, huna ardhi ya karibu, huna sauti.

Hapa ndo penye siri kubwa ya nani aliangukia wapi. Kule Eráti, ambako ni hukohuko kusini ya Lúrio alikotoka babu yako, kulikuwa na mgawanyiko wa zamani kabla hata Frelimo haijazaliwa. Waeráti waliokaa karibu na ofisi za utawala walipata shule mapema, watoto wao wakajua Kireno, uhuru ulipokuja vyeo vya chama na serikali vikaenda kwao. Wamakuane wa upande wa pili walibaki watu wa pamba na kodi, na uhuru ulipofika wakaona wanaotawala ni walewale majirani zao, safari hii wana bendera. Renamo ilipofika huko katikati ya miaka ya themanini, chifu mkubwa wa Wamakuane alienda nayo na maelfu ya watu wake, na Waeráti wakabaki na serikali. Ukiangalia ramani ya vita ya wilaya ile, ni ramani ya ugomvi wa babu zao. Kwa hiyo ukiuliza kama ni ukabila, wote hao ni Wamakua, lugha moja. Ugomvi ulikuwa wa nani alikuja kwanza, nani alidharauliwa, nani alikuwa karibu na ofisi.

Lakini ngoja, nisikupoteze. Watu wengi wakifika hapo wanasema basi Renamo walikuwa watetezi wa wakulima. Hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Renamo haikuzaliwa kijijini. Ilitengenezwa na usalama wa taifa wa Rhodesia ya Ian Smith, ndo Zimbabwe ya leo, kwenye miaka ya 1976 na 1977 kuisumbua Msumbiji kwa sababu Frelimo ilikuwa inawahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe. Kiongozi wa kwanza André Matsangaissa aliuawa 1979 huko Gorongosa, ndo jina la matsanga likabaki midomoni mwa watu, akashika Afonso Dhlakama. Zimbabwe ikapata uhuru 1980, makaburu wa Afrika Kusini wakaichukua Renamo nzima wakaipa silaha, redio, mafunzo. Hata mkataba wa Nkomati wa Machi 1984, ambao Afrika Kusini iliahidi kuacha, haukuizima.

Na askari wake wengi hawakuomba kazi. Hili naomba ulisome taratibu mana inawezekana kabisa ndo habari ya babu yako yule. Matsanga wanaingia kijijini usiku. Wanachoma maduka ya chama, wanamtafuta katibu, mwalimu, nesi, hao wengi waliuawa vibaya sana. Alafu wanakusanya mahindi, kuku, chumvi, nguo, na wanahitaji wabebaji. Kijana wa miaka 16 anatwishwa gunia, anaambiwa twende, ukianguka unapigwa, ukikimbia unapigwa risasi. Anatembea siku tatu, nne. Akifika kambini anakuta wameshavuka mito ambayo hajawahi kuiona, hajui nyumbani ni upande gani. Wanamchagua kuruta. Anafundishwa wiki chache, anapewa bunduki, anapelekwa kupigana wilaya ambayo hana ndugu. Na akifikiria kurudi anajua mambo mawili: Renamo wakimkamata anatoroka wanamuua mbele ya wenzake, na Frelimo wakimkuta anatoka porini watamwita jambazi mwenye silaha. Baada ya mwaka mmoja hapo ukimuuliza uko upande gani atakwambia niko hapa. Mwaka 1988 serikali ya Marekani, ambayo wala haikuwa rafiki wa Wamaksi, ilimtuma Robert Gersony kuhoji wakimbizi, akaongea na karibu watu 200 ndani ya Msumbiji na nchi jirani, na taarifa yake ilieleza kwa kirefu huko kubebeshwa mizigo, kulimishwa kwa nguvu, mauaji. Watafiti waliowahoji askari wa Renamo wenyewe walikuta wengi sana walikamatwa hivyohivyo.

Mwaka 1987 huko Homoíne, mkoa wa Inhambane, watu 424 waliuawa siku moja, wakiwemo wagonjwa hospitalini. Natamani kila mtu anayesema Renamo ilikuwa ya wakulima alikumbuke jina la mji huo.

Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja na ndo ugumu wa vita ile. Renamo ilikuwa mashine ya nje iliyoteka watoto wa watu, na hapohapo kuna sehemu ilipokelewa kwa vigelegele, kwa sababu ilipofika ilichoma kijiji cha pamoja ikawaambia watu rudini kwenye mashamba yenu ya zamani, mwene rudi kwenye kiti chako. Hilo neno moja, rudini, lilikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote. Wengi walirudi, wakalima, mwanzoni wakaona afadhali. Alafu matsanga wakaanza kudai chakula kila wiki, wakataka wasichana, wakataka wabebaji, wakaweka watu wao wa kuchunguza nani anatoroka, wanaitwa mujiba, nao ni vijana wa palepale. Yule mwene aliyehama kwa hasira ya katibu akajikuta amekuwa yeye ndo katibu wa bunduki nyingine.

Upande wa Frelimo nako usidhani babu yako mwingine alijiandikisha kwa mapenzi ya Umaksi. Jeshi lilikuwa la lazima kwa sheria toka 1978, na vijana walikuwa wanazolewa sokoni, kwenye mpira, popote. Kuwa mgambo wa kijiji chako ilikuwa njia mojawapo ya kubaki karibu na nyumbani usipelekwe mbali. Mshahara hakuna, sare mara nyingi hakuna. Ila una bunduki na unalala karibu na mkeo, na matsanga wakija una cha kujibu. Mgambo wengi nilioongea nao hawakunitajia chama kabisa, walianza na jina la ndugu aliyeuawa au aliyebebwa. Ukishamzika mdogo wako aliyekatwa panga, upande umeshachaguliwa, wewe unafuata tu.

Wapo pia walioenda wenyewe, sitaki kuficha. Hasa vijana. Mwaka 1983 serikali iliendesha Operesheni Uzalishaji, ikawakusanya mijini watu walioonekana hawana kazi ikawapeleka kwa nguvu mikoa ya kaskazini, Niassa hasa. Ukijumlisha na ukame mkali wa 1983 na 1984 ambao njaa yake iliua watu kwa makumi elfu, maduka hayana nguo, hayana jembe, kuna kijana aliyesoma madarasa manne, mjini amefukuzwa, kijijini hana mahari, hana shamba lake. Bunduki kwake ilikuwa heshima na suruali na radio ya kaseti ya kuporwa. Hapo ndo unaweza kusema pesa, ingawa mshahara haukuwepo pande zote mbili, kilichokuwepo ni kula cha mwenye nguvu.

Sasa kuna jambo ambalo kwa sisi wa huku Tanzania linanifanya nisilale. Sisi tulifanya yaleyale. Uchifu tuliufuta 1963. Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976 ilihamisha mamilioni, nyumba zilichomwa, muulize bibi yako au majirani zake hapo Masasi watakwambia. Hasira ilikuwepo. Watu walinung'unika, wakarudi kimyakimya kwenye mashamba ya zamani, wakalaumu serikali pembeni ya pombe, basi. Kwa nini haikuwa vita? Kwa sababu hakuna aliyekuja usiku na shehena ya bunduki kuikuta hasira ile. Msumbiji ilipakana na Rhodesia na Afrika Kusini, sisi hatukupakana nao. Kwa hiyo hasira ya kijiji ilikuwa kuni kavu, lakini kiberiti kilitoka Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, na Pretoria ya makaburu. Wanaosimulia kiberiti tu wanamfanya mkulima kama hana akili, na wanaosimulia kuni tu wanawasafisha makaburu. Mimi nakataa vyote viwili.

Na ndani ya Msumbiji yenyewe, angalia Wamakonde wa uwanda wa Mueda, ng'ambo tu ya Newala. Nao walikaa kwenye vijiji vya pamoja, nao mizimu yao iliitwa ushamba. Hawakwenda na Renamo. Kwao Frelimo ilikuwa nyumbani, walikuwa wameuliwa watu wao na Mreno pale Mueda 16 Juni 1960, wakapigana miaka 10, wengi waliishi Tanzania wakaongea Kiswahili kwenye makambi, na kila familia ina mtu aliyebeba risasi kichwani kutoka Ruvuma. Dharau ya katibu inavumilika kama katibu ni mjomba wako. Uchaguzi wa 1994 ulilionyesha hili wazi: Frelimo ilishinda nchi kwa jumla lakini Renamo ilipata kura nyingi zaidi za ubunge Nampula, Zambézia, Tete, Manica na Sofala, wakati Cabo Delgado, mkoa wa hao Wamakonde, na mikoa ya kusini ilibaki Frelimo. Pamoja na yote yaliyofanyika, watu wa Nampula waliipa Renamo kura. Wengi wao walikuwa wanamjibu yule katibu aliyekaa kwenye kiti.

Wazee wa Zambézia na Nampula hawatanisamehe nisipotaja njia ya tatu. Mwisho wa vita, kama 1990, alitokea kijana mganga anaitwa Manuel António, akaanza kuchanja watu chale na kuwapaka dawa ya kuzuia risasi, wakaitwa Naparama. Walifunga vitambaa vyekundu, wakaenda vitani na mikuki na mapanga, mwiko mkubwa usigeuke nyuma. Mtu anaweza kucheka, lakini Renamo yenyewe iliogopa dawa, kambi zikaachwa, maelfu ya watu wakarudi nyumbani. Yeye aliuawa 1991. Mimi ninachokiona kwa Naparama ni wakulima ambao, walipopata nafasi ya kuchagua wenyewe kabisa, walichagua kuifukuza bunduki kijijini, yoyote ile. Wanajeshi wetu wa JWTZ waliopelekwa Zambézia 1987 na 1988 waliondoka kabla hawajayaona hayo.

Na wengi kuliko wote hawakuchagua upande wowote, walichagua mahali pa kulala. Mchana kijijini, usiku porini, mtoto anazibwa mdomo asilie, moto hauwashwi. Ikishindikana unavuka mpaka. Zaidi ya watu milioni 1 walikimbilia Malawi peke yake. Babu yako aliyevuka Ruvuma naye yumo humo, alitembea mbali sana kutoka Lúrio na sidhani kama kuna aliyewahi kumsifia kwa uamuzi ule.

Kuhusu yule aliyekaa porini mpaka mwisho. Amani ilisainiwa Roma 4 Oktoba 1992, na askari walianza kurudi mmojammoja miaka iliyofuata. Familia nyingi zilimpokea wa kwao hivi: hapelekwi moja kwa moja ndani, anawekwa kibanda cha pembeni, nguo za porini zinachomwa, anaogeshwa dawa na mganga, wazee wanaambiwa kaburini kwamba huyu karudi na damu aliyoiona ibaki kulekule. Hakuna anayemuuliza uliua wangapi. Frelimo na Renamo walikula kwenye sahani moja baada ya hapo, kwenye nyumba nyingi nilizoingia, bila tume wala mahakama.

Kwa hiyo ukikaa na bibi yako usimuulize babu walikuwa upande gani, na usimuulize kwa nini, mana hilo litamfunga mdomo au atakupa jibu la redioni. Muulize kila mmoja alioa kwa mwene gani. Muulize walipohamishwa shamba la zamani lilikuwa mbali kiasi gani, na mikorosho nani aliokota. Muulize matsanga walipokuja mara ya kwanza walimchukua nani, alibebeshwa nini, na usiku ule wengine walilala wapi. Andika majibu kwa Kimakua kama anavyosema, na kama atakubali nitafurahi sana unitumie.